Bosi anasema "tupime tena", gari la mteja lishafika

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko kitengo cha ubora kwenye kiwanda cha chakula, mwezi uliopita sampuli ya bechi moja ikarudi na salmonela, bakteria wa kuharisha, nikampelekea bosi nikijua mzigo utazuiwa, yeye kaangalia karatasi, kaitia kwenye droo, akasema tupime tena na gari la mteja lishafika. Ya pili ikaja safi, mzigo ukaondoka. Toka siku hiyo silali vizuri. Kosa liko wapi kama majibu ya mwisho ni safi?

JIBU: Pole ndugu yangu. Kosa liko kwenye hiyo "tupime tena". Bakteria hawakai sawasawa kwenye bechi, hapa wamejaa pale hamna hata mmoja, kwa hiyo ya pili kuja safi maana yake ni kwamba hapo ulipochota hawakuwepo, basi. Haifuti ya kwanza. Mzigo ulitakiwa ushikwe stoo, bechi iharibiwe au ipitishwe tena kwenye joto la kuua wadudu, hayo ya gari yangekuja baadaye.

Na mchezo huu una wenyewe. Peanut Corporation of America, kule Marekani, walikuwa wanauza bidhaa za karanga huku majibu mabaya wanayo, mara nyingine wanapima tena mpaka yatoke safi. Mlipuko wa ugonjwa wa salmonela wa 2008 hadi 2009 ulifanya watu zaidi ya 700 waugue, wakafa 9. Mkuu wao Stewart Parnell alihukumiwa miaka 28 mwaka 2015. Sasa hapa soma taratibu wewe wa kitengo cha ubora: meneja wa ubora wa kampuni naye alipigwa miaka 5, kwa kukwamisha uchunguzi, na wala kampuni haikuwa yake.

Utaambiwa kuna mabosi wazuri, watakutajia Michael McCain, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya nyama ya Maple Leaf Foods, Kanada. 2008 listeria, bakteria mwingine wa chakula, ilijificha ndani kabisa ya mashine za kukatia nyama, wakafa zaidi ya watu 20, akatoka hadharani kuomba radhi akasema yeye hawasikilizi wanasheria wala wahasibu. Vizuri, ila mimi namsifu nusu tu, maana uchunguzi ulikuta kiwanda kilishapata listeria mara kadhaa kwenye vipimo vyake na hakuna aliyekaa akayaunganisha yale majibu. Radhi ilikuja watu wameshazikwa.

Kwa hiyo leo hii mwandikie bosi, usimwambie kwa mdomo, taja namba ya bechi na majibu yote mawili, sema unashauri mzigo urudishwe, nakala baki nayo. Akinyamaza nenda mamlaka ya chakula, kama bidhaa ni ya kukaa muda mrefu bado iko kwenye makabati ya watu. Ila kabla ya yote hakikisha una nakala ya ile karatasi ya kwanza, isije ikapotelea droo.