Nimetimiza Miaka 40, Zawadi Niliyojipa ni Mwaka 1986

Wiki iliyopita nimetimiza miaka 40. Nilipofikisha 30 nilialika watu wengi, wakaja watatu, na wawili wakaaga mapema. Lile lilinichoma, na bado linanichoma. Safari hii nikaamua sherehe iwe juu ya kitu kisichotegemea wangapi watafika: mwaka niliozaliwa.

Nimekua nikisikia hadithi moja tu kuhusu kuzaliwa kwangu. Baba alikuwa akisema, "Huyu kazaliwa siku Maradona alipofunga kwa mkono." Kila wakija wageni angeisimulia, huku ameinua mkono wa kushoto. Basi nikaanzia hapo. Mechi ile ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Uingereza ilichezwa Mexico tarehe 22 Juni 1986. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema 25 Juni.

Baba ameshafariki, hivyo nikampigia Mama. "Baba yako alikuwa nje na redio yake," akaniambia. "Nesi alitoka kumpa habari akamkuta anashangilia goli. Ilibidi amwambie mara mbili, mwanangu." Goli gani? Hajui, mpira haujawahi kumhusu. Nikarudi kutafuta. Tarehe 25 Argentina ilicheza nusu fainali na Ubelgiji, ikashinda 2-0, mabao yote ya Maradona, la kwanza dakika ya 51. Na lile la mkono siku tatu nyuma? Nalo dakika ya 51. Nililia. Baba hakutunga, alichanganya mechi mbili tu, na ile ya nesi hakuwahi kunisimulia. Nimeipata nikiwa na miaka 40, kwa sababu tu niliuliza.

Kwa hiyo wewe unayekaribia 30, 40 au 50, anza na watu kabla ya intaneti. Intaneti itakungoja. Usiulize "mwaka ule ulikuwaje?", maana utajibiwa "ulikuwa wa kawaida." Uliza nani alikuwa nje ya mlango. Uliza redio ilikuwa inasema nini. Kisha uliza tena.

Siku yenyewe tulikuwa saba. Kila mmoja nilimpa karatasi yenye tukio moja la 1986 alisome kwa sauti. Wole Soyinka kupata Nobeli ya Fasihi, Mwafrika wa kwanza kuipata, kulipigiwa makofi. Lakini kulikuwa pia na chombo cha Challenger kilicholipuka 28 Januari na wanaanga saba ndani yake, mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl 26 Aprili, na Ziwa Nyos kule Kameruni, ambalo usiku wa 21 Agosti lilitoa gesi ya kaboni dioksidi ikaua watu zaidi ya 1,700, wengi wakiwa usingizini. Shangazi alininong'oneza kwamba siku ya kuzaliwa haisomewi misiba. Namheshimu sana, lakini sikubaliani naye. Nilikuwa na miezi miwili wakati watoto wa Nyos walipolala wasiamke. Ukijua hilo, huwezi kuiona miaka 40 kama haki yako. Tunalalamika mno kuhusu ambayo hatujafanikisha, ndugu zangu! Chukueni mwaka wenu mzima, na machungu yake.

Karatasi ya mwisho nilimwachia mpwa wangu wa miaka 9. Ilihusu nyota ya mkia ya Halley, iliyopita karibu na Jua tarehe 9 Februari 1986 na ambayo itarudi 2061. Akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Yeye atakuwa na 44, mimi 75.

"Mjomba, utakuwa bado unaona usiku?"

Nikamwambia tutaitazama pamoja. Akageuza karatasi, akaandika 2061 kwa herufi kubwa, akaikunja na kuitia mfukoni mwake.