Maswali na majibu: taa ya mfuko wa hewa isiyozimika

Swali: Taa ya mfuko wa hewa haizimiki, ingawa gari linakwenda vizuri. Je, niendelee kulitumia?

Jibu: Taa hiyo huwaka kwa sekunde chache swichi ya kuwashia gari inapofunguliwa, kisha huzimika. Ikibaki inawaka, kompyuta ya mfumo imegundua hitilafu, na katika magari mengi hali hiyo ina maana kwamba mifuko huenda isifunguke wakati wa ajali. Injini haihusiki, ndiyo maana gari linaonekana halina tatizo, na hapo ndipo madereva wengi hudanganyika. Funga mkanda kila safari na ulipeleke likapimwe mapema.

Swali: Ilianza kuwaka baada ya kusafisha gari ndani na kusogeza kiti cha mbele. Kuna uhusiano?

Jibu: Upo uwezekano mkubwa, nami ningeanzia hapo. Chini ya viti vya mbele hupita soketi, mara nyingi za rangi ya manjano, zinazounganisha mfuko wa ubavuni, kikaza mkanda na kihisi cha abiria. Kwa kuwa kompyuta hupima ukinzani wa kila saketi, yaani kiasi ambacho njia ya waya huzuia umeme, ambao kwa kawaida ni ohimu 2 au 3 hivi, pini iliyolegea au kutu kidogo tu inatosha kuwasha taa. Kabla ya kugusa chochote, zima gari, ondoa waya hasi wa betri, kisha subiri muda uliotajwa katika kitabu cha gari, kwa sababu kompyuta huhifadhi umeme wa kufyatua mifuko hata betri ikiwa imetolewa. Kagua waya uliobanwa, kaza soketi hadi isikike ikibana, na usirudishe umeme ikiwa bado imechomolewa. Tafadhali usipime mfuko wenyewe kwa mita ya ohimu: mkondo wa mita hiyo unaweza kuufyatua.

Swali: Honi nayo imekufa, pamoja na vitufe vya usukani.

Jibu: Dalili hizo zikija pamoja, shuku kwanza utepe wa waya uliojiviringa nyuma ya usukani. Ukikatika, hubadilishwa na fundi mwenye ujuzi, kwani usipowekwa katikati sawasawa hukatika tena usukani unapozungushwa.

Swali: Skana yangu ndogo, kifaa cha kusoma makosa ya gari, haioni kosa lolote, na fundi anapendekeza kuweka rizista, kipande kidogo cha kuzuia umeme, ili taa izimike.

Jibu: Kataa. Rizista huidanganya kompyuta iamini kwamba mfuko upo na ni mzima, na atakayeketi kwenye kiti hicho, hata mnunuzi wa baadaye, hatajua kwamba hana kinga. Skana nyingi ndogo husoma injini pekee. Tafuta inayosoma mfumo wa mifuko ya hewa, ambao misimbo yake mingi, yaani alama za kutaja makosa, huanza na herufi B. Msimbo ukisharekebishiwa chanzo chake, ufutwe. Ukirudi, hitilafu bado ipo, na kazi ya kuitafuta iendelee kutoka kwenye saketi ambayo msimbo huo umeitaja.