Jibu: Laptopu yenye programu huria tupu

Mkuu, umeuliza kama laptopu inaweza kuendeshwa kwa programu huria pekee, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha msimbo wake. Inawezekana, natumia Trisquel, mfumo endeshi wa Linux wenye programu huria tupu, mwaka wa tatu sasa. Kuandika na kutazama video hakuna tabu, LibreOffice na VLC zinatosha.

Kinachotesa ni waifai. Kadi nyingi, za Intel zikiwemo, hazishiki mtandao mpaka zipakiwe faili ambalo mtengenezaji ameuficha msimbo wake, na Trisquel hailibebi. Nilichomeka kidude cha USB chenye chipu ya Atheros AR9271, taa ikawaka, mtandao ukashika papo hapo. Debian 12 ya mwaka 2023, mfumo mwingine wa Linux, huyaweka mafaili hayo yenyewe inaposakinishwa, usipoizuia. Kabla hujafuta Windows, washa Trisquel kwa flashi kwanza uone waifai yako inasemaje.