Kumtambua keshia kwa mwendo wa vidole

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninasimamia kompyuta za SACCOS moja hapa Morogoro. Tuna makeshia 12, na kinachotusumbua ni kupeana nywila: mmoja akienda kula, mwenzake anaingia kwenye mfumo kwa jina lake. Kuna kampuni imetuletea programu inayomtambua mtu kwa jinsi anavyochapa kwenye kibodi. Wanasema usahihi wake ni asilimia 99, na kwamba tukiifunga tunaweza kuachana na namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS. Kitu hiki kipo kweli? Na je, kitafaa pia kwa wanachama wanaotumia menyu ya USSD?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kipo, na wazo lenyewe ni kongwe kuliko kibodi ya kompyuta. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokuwa wakisikiliza redio za Wajerumani walijifunza kumtambua mwendeshaji wa upande wa pili kwa jinsi alivyogonga nukta na vistari vya Morse, yaani milio mifupi na mirefu inayosimamia herufi. Ujumbe ungeweza kuwa bado haujafumbuliwa, lakini mkono uliougonga ulishajulikana, na hapo wakaweza kufuatilia kikosi chake kinavyohama. Mwaka 1980 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walilijaribu jambo hilohilo kwa wachapaji saba: waliwapa aya za kuchapa, kisha wakawarudishia zilezile baada ya miezi minne, na wakaona kuwa mwendo wa kila mmoja unatofautishika na wa wenzake.

Programu ya namna hii haihitaji kujua umechapa nini. Inachopima ni muda. Kitufe kimekaa chini milisekunde ngapi kabla ya kuachiwa? Na baada ya kukiachia, umechukua muda gani kubonyeza kinachofuata? Kwa mchapaji mwepesi kipimo hiki cha pili huwa hasi, kwa sababu kidole cha pili hutua kabla cha kwanza hakijanyanyuka. Tuseme keshia wako hushikilia herufi k kwa wastani wa milisekunde 95, na kwa kawaida huyumba kwa 10 hivi. Leo ameishikilia kwa 130. Tofauti ni 35. Igawe kwa 10, unapata 3.5. Fanya hivyo kwa kila kipimo cha nywila yake, jumlisha, na jumla ikivuka kizingiti ulichoweka, programu inasema huyu siye. Zipo njia ngumu zaidi ya hii, lakini usiidharau, kwa sababu ndiyo iliyoongoza katika jaribio ninalotaka ulijue kabla hujakaa tena na kampuni hiyo.

Mwaka 2009 Kevin Killourhy na Roy Maxion wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwachukua watu 51, kila mmoja akachapa nywila ileile ya herufi 10 mara 400. Kisha wakazishindanisha mbinu 14 za utambuzi kwenye data hiyohiyo moja, jambo ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Mbinu iliyofanya vizuri kuliko zote, ile ya kugawa tofauti kwa kuyumba, ilikuwa na kosa la asilimia 9.6. Maana yake ni kwamba ukikiweka kizingiti mahali ambapo makosa ya aina mbili yanalingana, karibu mwenyewe mmoja kati ya kumi anakataliwa, na karibu mgeni mmoja kati ya kumi anapita. Waandishi wenyewe waliikumbusha dunia kwamba kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kudhibiti uingiaji kinataka kosa la kumkataa mwenyewe lisifike asilimia 1, na la kumkubali mgeni lisizidi asilimia 0.001.

Sasa lete hesabu hiyo kaunta. Makeshia 12, kila mmoja akiingia kwenye mfumo mara sita kwa siku, ni maingio 72. Kwa kosa la asilimia 9.6, makeshia halali watakataliwa mara saba hivi kila siku, foleni ikiwa imefika mlangoni. Meneja ataniambia: basi legeza kizingiti. Sawa, legeza, ila ujue kila ukilegeza unamfungulia mgeni. Hata hiyo asilimia 99 ya kampuni, tukiikubali kama ilivyo na kuichukulia kuwa inahusu wenyewe wanaokubaliwa, bado ni kukataliwa kunne au zaidi kwa wiki ya siku sita. Na hapo bado hawajakuambia kwa wageni hali ikoje. Namba moja ya usahihi bila kutaja kizingiti na aina zote mbili za makosa haina kazi kwako.

Kwa ofisi yako kuna tatizo lingine kubwa zaidi. Katika jaribio la Carnegie Mellon, majaribio yaliyohesabiwa kuwa ya wageni yalikuwa yale ya mwanzoni, kabla mtu hajaizoea nywila. Keshia wako aliyekuwa akitumia nywila ya mwenzake mwaka mzima si mgeni wa namna hiyo. Vidole vyake vimeshaizoea. Zaidi ya hapo, programu nyingi hujifunza polepole ili zisimkatae mtu ambaye mwendo wake unabadilika. Ukiifunga leo, wakati watu bado wanaazimana nywila, itajifunza mikono miwili kwa jina moja na kuona ni mtu mmoja anayeyumba sana. Kwa hiyo anza na nywila mpya kwa kila mtu, na usajili ufanyike mbele yako, mmoja mmoja. Kwa vile vipimo vimefungwa kwenye nywila ileile, kila ikibadilishwa programu inaanza upya, na kwa siku kadhaa za kwanza haioni kitu.

Mimi nisingeiweka mlangoni kabisa. Ningeiacha ifanye kazi kimyakimya keshia akishaingia, ikisoma mwendo wa siku nzima badala ya herufi kumi. Maandishi mengi yanampa kila mtu sura iliyo wazi zaidi. Pia inajibu swali lako hasa, kwani anayekalia kiti saa saba mchana, mwenzake akiwa mgahawani, hachapi nywila tu. Anachapa majina, namba za wanachama, maelezo ya miamala. Mwendo ukibadilika ghafla katikati ya siku, programu imwandikie msimamizi, au iombe uthibitisho mwingine kabla ya muamala mkubwa. Isimfungie mtu nje. Makeshia hutumia sana upande wa namba wa kibodi, hivyo hakikisha programu inausoma upande huo, maana nyingine zimefunzwa kwa maandishi ya Kiingereza tu.

Kuhusu kuachana na SMS, hapana. Mamlaka ya Benki ya Ulaya ilikubali mwaka 2019 kwamba mwendo wa uchapaji unaweza kuhesabiwa kama kithibitisho cha mwili wa mtu katika malipo, lakini kimoja kati ya viwili vinavyotakiwa. Miongozo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, nayo haikubali alama za mwili au tabia zisimame peke yake. Lazima ziambatane na kitu unachokishika mkononi. Kuna sababu ya kiufundi pia: programu hasidi inayonasa nywila kwenye kompyuta inaweza kunasa na milisekunde zake, kisha ikazirudia vilevile. Kama SMS inawachosha, nenda kwenye programu ya simu inayozalisha namba, au funguo ndogo ya USB. Hizo zinaimarisha mlango.

Kwa wanachama wa USSD jibu ni fupi: haiwezekani. Mwanachama akichapa namba kwenye menyu, simu hutuma jibu zima akishabonyeza kutuma. Seva yenu haioni kitufe hata kimoja kilivyobonyezwa. Kwenye programu ya simujanja inawezekana, na huko kuna vipimo vya ziada kama eneo la kidole kwenye kioo na jinsi simu ilivyoinamishwa.

Kitu kimoja cha kufuatilia kabla ya kufunga chochote: mahali muda unapopimiwa. Saa ya kawaida ya Windows husonga kwa hatua za milisekunde 15.6 hivi, na kibodi nyingi za USB hutuma taarifa kila baada ya milisekunde 8, hivyo tofauti ndogo kuliko hapo zinaweza kupotea. Kama makeshia wenu wanafanya kazi kwa kuunganishwa na seva ya mbali, kisha vipimo vikachukuliwa seva, mtakuwa mnapima mtandao wa Morogoro na si vidole vya mtu. Upimaji ufanyike kwenye mashine aliyoikalia. Na ukibadilisha kibodi ya dirisha moja la kaunta, tegemea malalamiko wiki hiyo.

Upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za kibayometriki, yaani za kumtambua mtu kwa mwili au tabia yake, kuwa nyeti. Waambieni makeshia kwa maandishi nini kinapimwa, kwa ajili gani, na kinakaa muda gani. Hili si la kujaza fomu tu: mwaka 2016 watafiti wa MIT na wenzao walionyesha kuwa muda wa kushikilia vitufe unaweza kubeba dalili za mapema za ugonjwa wa Parkinson. Mwajiri hana sababu ya kukaa na taarifa ya namna hiyo.

Kampuni ikirudi, iombe mambo matatu: viwango vya makosa yote mawili pamoja na kizingiti kilichotumika, uthibitisho kwamba wanahifadhi vipimo vya muda bila herufi zenyewe, na mwezi mmoja wa majaribio kwa makeshia wako mwenyewe, programu ikiandika kumbukumbu tu bila kumkatalia mtu. Katika mwezi huo panga siku chache ambazo makeshia wawili watabadilishana viti kwa makubaliano, bila kampuni kujua ni siku zipi, halafu uwaulize wao walizibaini ngapi.