Kizibo cha sinki kikigoma, kifungue kabla hujanunua kipya

Mama alikuja kukaa nasi Mbezi akitokea Tanga, vidole vyake vikiwa vimekaza kwa baridi yabisi. Kila asubuhi kabla ya chai huketi kwenye stuli mbele ya sinki la bafuni, tunamjazia maji ya uvuguvugu, naye huloweka mikono humo mpaka vidole vikubali kukunjika. Ndiyo maana kizibo cha sinki nyumbani kwetu kina kazi kubwa. Kikiharibika, mama hawezi kushika kikombe.

Asubuhi moja nikamsikia akiita, "Mwanangu, njoo uone, haya maji hayaendi." Kizibo chetu ni cha kubonyeza: ukikigusa kwa kidole kinashuka na kuziba, ukikibonyeza tena kinapanda na maji yanaondoka. Siku ile kilishuka kikabaki hukohuko.

Fundi niliyemwita alikitazama kidogo, akasema westi nzima ibadilishwe. Westi ni lile bomba fupi linaloshika tundu la sinki, ambalo kizibo kinakaa ndani yake. Akaongeza kwamba nati ya chini imeshika kutu, sinki lenyewe linaweza kupasuka wakati wa kuifungua, basi niandae na fedha za sinki jipya. Nikampa nauli, nikamwambia nitampigia. Jioni nikakaa chini nikafungua mwenyewe, na humo ndani sikukuta kitu kilichovunjika. Nilikuta ukoko wa chokaa, ute wa sabuni na nywele. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kabla hujatoa fedha yako: vizibo hivi mara nyingi vinakwama kwa uchafu tu, na uchafu unasafishika.

Kwetu chanzo ni maji. Mgao unapotupita tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi na chokaa. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika unajijenga pia kwenye springi iliyo chini ya kofia ya kizibo. Springi ikishapata ukoko wa kukwaruza, sabuni na dawa ya meno vinapata pa kushika, kisha nywele zinajisokota humo.

Tuanze na kilichokwama kikiwa kimeziba, maana hicho ndicho kinachotisha. Usikichokonoe pembeni kwa kisu au bisibisi. Utakwaruza kromu, na pale ilipokwaruzika kutu itaingia. Chota kwanza maji yaliyomo kwa kikombe, kausha kofia kwa kitambaa, kisha tafuta kile kishikio cha mpira kinachobandikwa ukutani kwa kutundikia taulo. Kiloweshe kidogo, kikandamize juu ya kofia mpaka kishike, uvute kwenda juu huku unakizungusha kushoto. Changu kilitoka kwa mvuto wa tatu. Kama kizibo chako kinapanda vizuri lakini hakishiki maji, huna haja ya kishikio: kinyanyue, shika kofia kwa glavu ya mpira au kipande cha tyubu ya baiskeli ili mkono usiteleze, zungusha kushoto kama unafungua chupa.

Kabla hujaendelea, sokomeza kitambaa kwenye tundu. Vipande vingine ni vidogo, na kikitumbukia kimoja utalazimika kufungua trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, kukitafuta.

Chini ya kofia utakuta kijiti chenye springi ndani yake, nacho kimefungwa kwa tredi, ile mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, kwenye westi. Kingine hufunguka kwa mkono, kingine kina mfereji wa bisibisi juu. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Mimi sikupiga, na nilipoteza nusu saa nikijiuliza washa, ile pete ya mpira inayozuia maji, ilikuwa inatazama juu au chini.

Loweka vipande vya chuma kwenye bakuli la siki nyeupe. Utaona vipovu vinapanda. Hapo asidi ya siki inaila chokaa na kutoa hewa ya ukaa. Saa moja inatosha. Usiviache usiku kucha, kwa sababu siki ikimaliza chokaa itaanza kuishambulia kromu. Mpira usiuloweke, uoshe kwa sabuni peke yake. Kisha chukua mswaki wa zamani usugue springi na tredi, suuza, bonyeza kijiti kwa kidole mara kumi au kumi na tano mpaka usikie mlio wake umekuwa mwepesi. Changu kilipofika hapo nilijua kimepona.

Wakati vinaloweka, shughulikia tundu lenyewe. Kunja ncha ya waya mwembamba iwe kama ndoana, ingiza, zungusha, vuta. Kilichotoka kwetu kilikuwa kirefu kama kiganja changu. Usisahau pia lile tundu dogo lililo karibu na ukingo wa juu wa sinki, la kuzuia maji yasifurike. Watu wengi hawalisafishi kamwe, na harufu mbaya ya bafuni mara nyingi inatoka humo. Brashi ya kuoshea chupa ya mtoto inaingia vizuri.

Sasa washa ya mpira. Hii ndiyo inayoamua kama maji yatakaa au yatavuja polepole. Ikiwa ngumu, imepasuka au imebonyea upande mmoja, nunua nyingine. Ikiwa imelala kidogo tu, igeuze upande wa pili. Inaweza kukusogeza wiki kadhaa. Nilipokwenda duka la vifaa vya ujenzi nilianza kueleza kwa mikono, muuzaji akanikatiza kwa upole, "Kijana, niletee chenyewe." Ana haki. Washa zinafanana kwa macho na zinatofautiana kwa milimita. Beba ya zamani mfukoni. Ukipaka grisi, iwe ya silikoni, tone dogo tu. Mafuta ya mgando tunayopaka mwilini huvimbisha mipira mingi na kuilegeza.

Ukilazimika kweli kubadilisha westi, angalia jambo moja ambalo limewaponza majirani zangu wawili. Zipo westi zenye matundu ubavuni na zisizo nayo. Sinki lenye lile tundu la juu linahitaji yenye matundu, ili maji yanayoteremkia humo yapate njia ya kuingia bombani. Sinki lisilo na tundu hilo linahitaji westi isiyo na matundu. Kwa sinki la kunawia mikono kipimo ni inchi moja na robo; la jikoni huwa inchi moja na nusu, kwa hiyo taja ni sinki gani unapoagiza.

Kama sinki lako lina kijiti nyuma ya koki, unakivuta juu kizibo kinashuka, mambo ni tofauti kidogo. Tazama chini: kijiti kile kimeungana na ukanda wa chuma wenye matundu, nao umeshika fimbo inayoingia ubavuni mwa bomba. Kizibo kisipofunga sawasawa, mara nyingi ni skrubu ya ule ukanda imelegea. Sukuma kizibo chini kwa mkono, vuta kijiti, kaza skrubu hapohapo. Ukitaka kukitoa kwa usafi, weka ndoo, fungua nati ya ubavuni, vuta fimbo nyuma, kisha nyanyua kizibo kwa mkono. Vile vya zamani vya mpira na mnyororo havina siri: pima mdomo wa tundu, nunua kingine.

Kwenye nati za plastiki, nakusihi, spana iache kando. Kaza kwa mkono mpaka igome, ongeza robo ya mzunguko, acha. Plastiki ikikazwa mno hupata ufa usioonekana, na utaugundua kabati la chini likiwa limeoza.

Kuna jambo ambalo silizungumzi kwa utulivu. Usimwage dawa kali za kuzibulia, zile za magadi makali, halafu ukafungua trapu. Dawa hubaki humo chini, na siku unafungua inakurukia usoni. Jicho likiguswa na dawa ile unaweza kulipoteza. Tena usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu letu dogo lenye dirisha la kiganja si mahali pa kuivuta. Hata maji yanayotokota usiyamwage moja kwa moja, maana sinki la kauri linaweza kupasuka kwa joto la ghafla, na bomba la plastiki hulainika.

Baada ya kurudisha kila kitu nilijaza sinki hadi nusu, nikaweka alama ya penseli pale maji yalipofika, nikatandaza karatasi kavu za chooni chini ya trapu. Nusu saa baadaye maji yalikuwa yameshuka kidogo chini ya alama, ingawa karatasi zilikuwa kavu. Maana yake hakuna kiungo kinachovuja; mpira tu ndio haukulala vizuri. Nikafungua kofia, nikakuta chembe ya mchanga imenasa kwenye ukingo wa tundu. Nikafuta, nikajaribu tena, alama haikusogea.

Kesho yake mama aliloweka mikono mpaka maji yakapoa, akabonyeza kizibo mwenyewe kwa kifundo cha kidole. Tangu siku hiyo nakifungua kila mwisho wa mwezi, dakika kumi tu. Washa nilinunua tatu. Mbili ziko kwenye kopo juu ya kabati la bafuni, pamoja na ule mswaki wa zamani.