Pegmatiti ya Morogoro na mgodi wa Himalaya: je, tuchimbe zaidi kwenda chini?

SWALI: Mtaalamu, salaam na pole na kazi. Mimi na wenzangu tuna leseni ya uchimbaji mdogo mkoani Morogoro. Tunafuata mkanda wa mwamba mweupe wenye kwatzi, feldispa, ulanga wa mapande makubwa na turmalini nyeusi. Mnunuzi mmoja ametuambia kwamba mkanda wa namna hii ndio uliotoa turmalini ya waridi katika mgodi wa Himalaya kule California, na kwamba tukizidi kwenda chini tutaikuta. Je, ni kweli? Na kama mgodi huo ulikuwa tajiri kiasi hicho, kwa nini kazi yake ilisimama mwaka 1912? — Mchimbaji mdogo, Morogoro

JIBU: Ndugu mchimbaji, mnunuzi wenu amesema kweli katika jambo moja: mwamba mnaoufuata na ule wa Himalaya vyote ni pegmatiti, yaani mwamba wa fuwele kubwa, na madini uliyoyataja yanapatikana katika yote miwili. Lakini ushauri wa kuzidi kwenda chini hauna msingi wa kijiolojia. Vito vya pegmatiti haviongezeki kwa sababu shimo limekuwa refu. Hutegemea kemia ya magma (mwamba ulioyeyuka) iliyoleta mkanda huo, kina ambacho magma hiyo iligandia zamani, na mahali penyewe ndani ya mkanda. Kabla hamjatumia fedha nyingine kwa baruti na dizeli, inafaa myapime mambo hayo matatu.

Pegmatiti huzaliwa mwishoni mwa maisha ya magma ya graniti. Magma inapopoa, madini ya kawaida kama feldispa, kwatzi na ulanga hutangulia kuganda, na huchukua zile elementi zinazoingia kwa urahisi katika fuwele zao. Zisizopata nafasi, yaani lithiamu, boroni, beriliamu, seziamu, florini pamoja na maji, hubaki katika kimiminika kinachozidi kupungua, kwa namna ileile ambayo chumvi hukolea katika vyungu vya kuanikia maji ya bahari kadiri maji yanavyokauka. Kimiminika hicho cha mwisho hupenya katika nyufa za miamba ya jirani na kugandia humo. Kama magma mama haikukolea vya kutosha, mkanda utakaopatikana utakuwa wa feldispa, kwatzi na ulanga tu, hata ukiwa mnene na wenye fuwele kubwa za kupendeza macho. Mikanda ya aina hiyo ndiyo mingi zaidi duniani. Yenye vito ni michache sana.

Wengi hudhani kwamba fuwele kubwa ni dalili ya kupoa polepole kwa maelfu ya miaka. Hesabu za upitishaji wa joto zinaonyesha vingine kabisa. Mkanda wenye unene wa mita moja hivi, ukiingia katika mwamba uliokwisha kupoa, hupoteza joto lake la kugandia kwa siku au wiki chache. Ukubwa wa fuwele unatokana na boroni, florini, fosforasi na maji, ambavyo hukifanya kimiminika kiwe chepesi na kiendelee kuwa kimiminika hata katika joto la chini, huku mbegu za fuwele zikiwa chache. Kwa hiyo fuwele chache zilizoanza hupata chakula chote na kukua kwa kasi. Wanajiolojia wa Marekani, akiwamo Richard Jahns aliyeichunguza mikanda ya Pala, California, katikati ya karne iliyopita, na baadaye David London, wamejadiliana kwa miongo mingi juu ya utaratibu kamili wa ukuaji huo. Jahns aliupa uzito mkubwa mvuke wa maji unaojitenga na magma, na London ameupa uzito zaidi upoaji wa ghafla unaochelewesha fuwele kuanza. Kwa mchimbaji, tofauti hiyo haibadilishi mahali pa kutafuta mfuko, yaani uwazi wenye vito ndani ya mkanda.

Sasa tuutazame mgodi wenyewe. Himalaya upo katika eneo la Mesa Grande, Kaunti ya San Diego, kusini mwa California. Milima ya huko imejengwa na mwili mkubwa wa miamba ya magma uliogandia chini ya ardhi katika kipindi cha Kretesia, takriban miaka milioni 100 iliyopita, wakati bamba la chini ya Bahari ya Pasifiki lilipokuwa likizama chini ya Amerika ya Kaskazini. Miamba myeusi ya gabro ilitangulia kuganda, ikapasuka kwa nyufa zinazokwenda sambamba na kuinama kwa pembe ndogo, na pegmatiti ikaingia katika nyufa hizo. Mikanda mikuu ya Himalaya haifiki mbali kwa unene: kwa sehemu kubwa ni mita moja au pungufu. Mgeni akionyeshwa mkanda mwembamba namna hiyo hawezi kuamini kwamba ndio uliopata umaarufu wa dunia nzima.

Ukiukata mkanda huo kutoka ukuta wa chini hadi ukuta wa juu, utaona kwamba haukuganda kwa namna moja. Sehemu ya chini ni mwamba wa chembe ndogo wenye mistari myembamba ya ganeti na turmalini nyeusi, inayokwenda sambamba na ukuta kama iliyochorwa kwa rula. Sehemu ya juu ina chembe kubwa, na humo turmalini nyeusi huanza nyembamba karibu na ukuta kisha hupanuka kuelekea ndani. Kati ya sehemu hizo mbili ndipo palipobakia kimiminika cha mwisho, na mifuko ya vito hufuata mstari huo wa kati. Wachimbaji wa huko walijifunza kusoma dalili zake muda mrefu kabla ya wataalamu kuzieleza: ulanga wa zambarau wenye lithiamu, uitwao lepidoliti, huanza kujitokeza, albaiti nyeupe ya vipande bapa huchukua nafasi ya feldispa ya kawaida, kwatzi hugeuka rangi ya moshi, na turmalini nyeusi huanza kuonyesha kiini cha kijani au cha waridi. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inatokana na kemia yenyewe ya kito. Turmalini nyeusi imejaa chuma. Chuma kinapokwisha katika kimiminika na lithiamu na alumini kushika nafasi yake, fuwele ileile huendelea kukua ikiwa ya rangi angavu. Manganizi huipa waridi, na chuma kidogo huipa kijani. Fuwele yenye moyo wa waridi na ganda la kijani ni kumbukumbu ya mabadiliko ya kimiminika kilipokuwa kikikaribia kwisha.

Mfuko wenyewe ni uwazi ndani ya mwamba, mara nyingi mdogo, na mara chache unaomtosha mtu kuingiza mabega. Kwa kawaida haumeti unapofunguliwa. Umejaa udongo wa mfinyanzi, vipande vya feldispa na fuwele zilizovunjika, kwa kuwa shinikizo la maji na gesi lililokuwamo hupasua kuta za mfuko mkanda ungali wa moto, na fuwele nyingi huvunjika hapo hapo. Mchimbaji aliyezoea dhahabu anaweza kuutupa udongo huo pamoja na kifusi bila kujua.

Nyufa na uwazi wa namna hiyo hutokea kwa urahisi pale mkanda ulipogandia katika kina kifupi. Makadirio ya mikanda ya San Diego ni kilomita chache chini ya uso wa ardhi wa wakati ule, chini ya 10. Hapo ndipo Morogoro yenu inapotofautiana na Mesa Grande. Milima ya Uluguru na maeneo yanayoizunguka ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, miamba iliyobanwa na kupikwa katika kina kikubwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Pegmatiti zake zimejulikana kwa ulanga mweupe wa mapande tangu enzi za Wajerumani, na ulanga huo ulichimbwa kwa matumizi ya umeme. Pegmatiti za ulanga kwa kawaida huganda katika kina ambacho shinikizo haliruhusu mifuko mikubwa kufunguka, na mara nyingi hazina lithiamu ya kutosha kuigeuza turmalini nyeusi kuwa ya rangi. Kwa hiyo mapande makubwa ya ulanga mliyonayo, ambayo mnunuzi ameyahesabu kuwa ishara njema ya turmalini ya waridi, mimi nayahesabu kuwa ishara ya kinyume. Sisemi haiwezekani kabisa, maana eneo moja linaweza kuwa na pegmatiti za vizazi tofauti. Nasema uzito wa ushahidi mliouleta hauelekei huko.

Niongeze jambo moja, kwa kuwa huulizwa mara kwa mara: tanzanaiti ya Mererani haitumiki kama kielelezo hapa. Ile ilikua katika miamba iliyobadilishwa na joto na shinikizo, yenye grafiti, na wala si kito cha pegmatiti. Zumaridi ya eneo la Ziwa Manyara iko karibu zaidi na hoja yetu: pegmatiti ilileta beriliamu, mwamba mweusi uliokuwapo ukatoa kromiamu, na zumaridi ikazaliwa mpakani mwao. Hapo mtafutaji hukagua mguso wa miamba miwili, hashughuliki na katikati ya mkanda.

Swali lenu la pili halina jibu la kijiolojia. Uchimbaji wa Mesa Grande ulianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1890, na mtu aliyeufanya uwe biashara ni J. L. Tannenbaum wa New York, aliyeendesha kampuni ya Himalaya. George Kunz, mtaalamu wa vito wa kampuni ya Tiffany, aliyatangaza mawe ya California kwa maandishi yake. Kito kingine cha kaunti hiyohiyo, kilichopatikana Pala, kilipewa jina la kunzaiti kwa heshima yake mwaka 1903. Lakini soko kubwa la turmalini ya Himalaya halikuwa la pete za Marekani. Lilikuwa China, ambako Mama Malkia Cixi aliipenda mno turmalini ya waridi, na mafundi wa huko waliichonga kuwa chupa za ugoro, vifungo na mapambo. Uchongaji haudai jiwe safi kama ukataji wa pete unavyodai. Kwa sababu hiyo hata mawe yenye nyufa na mawingu yalipata mnunuzi, na mgodi uliweza kuuza kwa uzito kile ambacho soko la Magharibi lingekiacha kwenye kifusi.

Cixi alifariki Novemba 1908. Mapinduzi yakaanza Oktoba 1911, na Februari 1912 mfalme wa mwisho wa nasaba ya Qing akaachia kiti. Pamoja na ikulu yakaondoka mahitaji, bei ikaanguka, na Himalaya ikasimamisha kazi mkanda ukiwa haujamalizika. Uthibitisho kwamba vito vilibaki ni kwamba mgodi ulifunguliwa tena baadaye: Ralph Potter aliufanyia kazi katika miaka ya 1950, na kuanzia 1977 kampuni iitwayo Pala iliendelea kuufuata mkanda huo chini ya kilima na kupata mifuko kwa miaka mingi. Safari hii waliouwezesha mgodi kuishi walikuwa pia wakusanyaji wa fuwele nzima, ambao hulipa fedha nyingi kwa fuwele isiyokatwa ikiwa imekaa juu ya kwatzi yake. Soko hilo lilikuwa limekwisha kujionyesha mwaka 1972 katika mgodi wa Tourmaline Queen, Pala, ulipofunguliwa mfuko wa turmalini za waridi zenye vichwa vya buluu ambazo leo zimo katika makumbusho makubwa.

Nirudi kwenye mkanda wenu. Msichimbe shimo lingine kwanza. Fukueni mkanda juu ya ardhi kwa urefu wake, mkaukague kila unapobadilika unene au mwelekeo, kwa kuwa sehemu zinazopanuka ndizo zenye nafasi kubwa ya kuhifadhi kimiminika cha mwisho. Katika kila sehemu vunjeni turmalini nyeusi na kutazama kiini chake kwenye jua. Tafuteni ulanga wa zambarau na albaiti bapa. Kisha chukueni sampuli safi za feldispa ya potasiamu, zisizooza, kutoka sehemu mbalimbali za mkanda, mzipeleke maabara, kwa mfano Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) Dodoma, mkaomba kipimo cha potasiamu na rubidiamu, ambayo nayo hukolea katika kimiminika cha mwisho. Uwiano wa potasiamu kwa rubidiamu ukiwa katika mamia, magma yenu haikukolea, na kutafuta turmalini ya rangi ni kupoteza nguvu. Ukishuka hadi makumi, nitabadili mawazo yangu, na hapo itafaa kufuata mstari wa kati kwa moko (tindo) na nyundo, bila baruti karibu na mfuko, kwa sababu turmalini hupasuka kwa mtikisiko mdogo sana.

Majibu ya maabara yakiwa mabaya, bado mna mwamba wenye thamani. Feldispa safi hutumika viwandani katika vigae na vioo, na ulanga wa mapande mapana una wanunuzi wake. Bei zake ni ndogo kuliko za vito na gharama ya usafiri huamua faida, kwa hiyo pateni kwanza bei ya mnunuzi wa kiwandani kwa maandishi, mkalinganishe na gharama ya lori kutoka shimoni. Na kwa kuwa mnunuzi aliyewashauri mchimbe zaidi hachangii dizeli, mwombeni awaonyeshe walau kipande kimoja cha turmalini ya rangi kilichotoka katika mkanda wa jirani zenu.