Daftari la Emerson, na nyinyi mnaoniuliza msome nani

Tangu kitabu changu cha insha kitoke, simu yangu haipoi. Ujumbe ni uleule, maneno ndiyo hubadilika: "Shikamoo dada, na mimi naandika. Nisome nani ili niandike vizuri?" Wa juzi ulitoka kwa kijana wa chuo aliyenitumia orodha ya waandishi wa nje, akaniomba nimchagulie mmoja wa kumfuata. Nilimjibu kwa ufupi. Hapa najibu kwa urefu, maana najua mko wengi, na wote mnataka kile nilichokitaka mimi: jina lako kwenye jalada.

Msome Ralph Waldo Emerson, mwandishi wa insha wa Kimarekani wa karne ya 19. Ila ukishamsoma, usimfuate.

Mimi Emerson nilimpata kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam. Kitabu kinene, hakina jalada, bei ya kutupa. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye rundo la insha za Kiswahili ambazo hakuna aliyezihitaji. Mhariri wa gazeti moja la Jumapili, simtaji yeye wala gazeti lake, alikuwa amenirudishia makala zangu na maneno ninayoyakumbuka hadi leo kama yalivyotoka kinywani mwake: "Mwalimu, hii si makala. Haya ni mawazo yamemwagika. Nani atoe hela yake asome mawazo ya mwalimu?" Nikatabasamu, nikamshukuru, nikapanda daladala ya Mbagala, nikalia mpaka Mtongani.

Sasa fikiria nilivyofurahi nilipokuja kujua kwamba Emerson naye aliambiwa vilevile. Rafiki yake Thomas Carlyle, Mskoti mwenye ulimi mkali, alimwandikia kwamba aya zake ni kama mfuko wa marisau, zile risasi ndogondogo za kuwindia ndege: punje nzuri moja moja, kinachozishikanisha ni turubai tu. Emerson hakuwa na la kubisha. Yeye mwenyewe alikwisha kumkiria Carlyle kwamba kila sentensi yake inaisukuma mwenzake. Na bado ndiye huyo tunayemsoma.

Sentensi zake zilikuwa hivyo kwa sababu ya daftari. Alianza kuandika shajara mwaka 1820 akiwa mwanafunzi wa Harvard, akaendelea kwa zaidi ya miaka 50. Aliiita benki yake ya akiba. Wazo likimjia akitembea msituni, au akisikiliza mahubiri yaliyomchosha, aliliweka humo. Kisha akatengeneza faharasa za madaftari yake, yaani orodha za mada na kurasa zake, ili ajue kila wazo limelala wapi. Akialikwa kutoa mhadhara, alifungua faharasa, akachomoa sentensi hapa na pale, akaziunga. Mhadhara ukishazungushwa mji hadi mji, ukageuzwa insha. Alitoa mihadhara kama 1,500 maishani mwake, mingine katika safari za baridi kali hadi ng'ambo ya Mto Mississippi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni daftari. Weka daftari. Nitaurudia.

Maisha yake mengine nayapitisha haraka. Alizaliwa Boston mwaka 1803, akawa mchungaji. Mkewe wa kwanza, Ellen, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1831 akiwa na miaka 19. Mwaka uliofuata Emerson aliacha kanisa lake kwa sababu dhamiri ilimkataza kuendesha Meza ya Bwana kama alivyotakiwa. Akaenda Ulaya, akarudi, akahamia mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts, na mwaka 1836 akatoa kitabu chake cha kwanza, Nature, bila hata jina lake juu yake. Hapo ndipo lilipokusanyika lile kundi la watransendentali, watu walioamini kwamba ukweli mtu huupata ndani ya nafsi yake na katika maumbile, bila kungoja kanisa wala mapokeo yampe ruhusa. (Enzi hizohizo meli za Salem, mji wa pwani usio mbali na Concord, zilikuwa zikishusha Unguja vitambaa vya pamba viitwavyo marekani na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mabibi zetu walivaa nguo ya Massachusetts kabla ya yeyote huku kusikia falsafa yake.)

Tarehe 31 Agosti 1837 alisimama mbele ya wasomi wa Harvard akawaambia Wamarekani wamesikiliza mno miungu ya ushairi ya majumba ya kifalme ya Ulaya. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nchi ilikuwa imetangaza uhuru wake tangu mwaka 1776, lakini waandishi wake bado walikuwa wakiangalia London iwaambie kipi kizuri! Mwandishi wa Dodoma au Kisumu anayesubiri tuzo ya nje ndipo ajiamini, maneno hayo ni yake pia. Mwaka uliofuata alirudi Harvard, safari hii kwa wahitimu wa theolojia, akawaambia kwamba watu wanauzungumzia ufunuo kama jambo lililokwisha zamani, kana kwamba Mungu amekufa. Harvard haikumwalika tena kuhutubia kwa karibu miaka 30. Nami nilinyimwa safu ya Jumapili. Sijilinganishi naye, nasema tu kwamba mlango unafungwa kwa wakubwa pia.

Sasa tuje kwenye fasihi, maana hapo ndipo kijana wangu anapokosea hesabu. Angalia aliowaamsha. Mwaka huohuo wa 1837 kuna kijana wa Concord aliulizwa swali na mtu mzima: unafanya nini siku hizi, una shajara? Tarehe 22 Oktoba akaandika ukurasa wake wa kwanza, na hilo swali lipo palepale juu. Wasomi wengi wanaamini muulizaji ni Emerson. Kijana alikuwa Henry David Thoreau, na shajara yake ilikua hadi maneno zaidi ya milioni mbili. Kibanda chake maarufu kando ya bwawa la Walden alikijenga mwaka 1845 kwenye ardhi ya Emerson. Kitabu chake cha kwanza kilipododa, mchapishaji alimrudishia nakala 706 kati ya 1,000, naye akaandika kwamba sasa ana maktaba ya vitabu karibu 900, zaidi ya 700 ameviandika mwenyewe. Kutoka kwa huyo aliyedoda ikatoka ile insha ya kutotii serikali dhalimu iliyosomwa na Gandhi, kisha na Martin Luther King. Swali moja tu kuhusu daftari!

Halafu kuna mshairi Walt Whitman. Mwaka 1855 alijichapishia Leaves of Grass kwa gharama zake, mashairi 12, akampelekea Emerson nakala. Emerson, mtu mzima wa miaka 52 mwenye jina kubwa, akamjibu mtu asiyemjua: nakusalimu mwanzoni mwa kazi kubwa. Whitman hakulala! Aliiruhusu barua hiyo itoke gazetini bila kumwomba mwenyewe, na toleo la mwaka 1856 akalipiga chapa ya dhahabu mgongoni, salamu ile pamoja na jina la Emerson. Mzee hakufurahishwa. Mwaka 1874 alipokusanya mashairi ya waandishi aliowapenda, Whitman hakupata hata ubeti.

Mshairi Emily Dickinson alipewa na rafiki kitabu cha mashairi ya Emerson mwaka 1850, akaenda zake kuandika vile ambavyo Emerson asingeweza. Mwanafalsafa Nietzsche alimsoma kwa Kijerumani tangu ujana. José Martí, mshairi na mpigania uhuru wa Kuba, alimwandikia insha ya maombolezo alipofariki mwaka 1882. Na kule Oklahoma, baba mmoja Mweusi alimpa mwanawe jina Ralph Waldo akitumaini atakuwa mshairi. Mtoto alikuwa Ralph Ellison, na katika riwaya yake Invisible Man, mwaka 1952, alilichukua jina hilohilo la Emerson akalikejeli. Huo nao ni ushawishi, tena huenda ndio wenye nguvu kuliko wote.

Wapange hao kwenye mstari. Hakuna hata mmoja anayesikika kama Emerson. Walioandika kama yeye walikuwepo, wengi tu, na leo huwezi kuwataja. Katika insha yake kuhusu kujitegemea, ya mwaka 1841, alisema wazi kwamba kuiga ni kujiua. Watu wananukuu sentensi hiyo kwenye status, kisha wanamwiga aliyeisema.

Mimi barua kama ya Whitman sikuipata. Mswada wangu ulikaa kwa mchapishaji mmoja mpaka nikawa naona aibu kumpigia mlinzi wao wa getini, ndiye pekee aliyekuwa akipokea simu. Sikujibiwa ndiyo wala hapana. Kwa hiyo nyinyi mliofika, wenye majina, wenye safu magazetini: wajibuni watoto! Mistari miwili inatosha. Msijifanye mna kazi nyingi. Emerson alikuwa na watoto na mihadhara, na bado alisoma kitabu cha mtu asiyejulikana, akamjibu.

Ila msidanganyike na neno kujitegemea. Emerson alikuwa na kipato kilichotokana na urithi wa Ellen, uliomfikia miaka ya 1830. Alijitegemea kimawazo akiwa na kitu mfukoni. Mimi nilikuwa na mshahara wa ualimu, mdogo lakini unaingia. Mtu anayeniandikia kwamba ameacha kazi ili awe mwandishi namwambia arudi kazini kesho asubuhi, na daftari aende nalo.

Kwa kijana wangu: orodha yako iweke kando kwa sasa. Emerson mwenyewe alisema vitabu ni vya saa ambazo msomi hana la kwake. Andika ulichokiona leo, kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Weka daftari. Andika tarehe. Tengeneza faharasa, hata ya kurasa za mwisho tu, maana wazo usiloweza kulipata tena ni sawa na ambalo hukuwahi kulifikiria. Insha zote za kitabu changu zimetoka humo, pamoja na yale mawazo yaliyomwagika. Sikuyabadilisha sana. Niliyapanga.

Wanaouliza kitabu kinapatikana wapi, nitaweka maelekezo wiki hii. Yule mhariri ameshaagiza nakala mbili. Alinitumia pongezi ndefu WhatsApp, eti siku zote alijua. Nilimjibu kwa heshima, nikamtumia namba ya malipo, na amelipa.